Ndoo ya Kula Majani

Besharik, 9 Aprili 2003

Kwa shemeji yangu Hamro, fundi pampu wa Konibodom,

Salaam nyingi kwako, kwa mkeo Robiya na kwa wote wanaokuulizia habari zetu. Sisi huku hatujambo. Barua hii nimempa Mutabar, yule mama muuza aprikoti kavu, maana nyaya za simu za mtaa wetu zimeibwa tena, na posta nayo inazizungusha barua mpaka Moscow kabla hazijavuka mfereji ulio mbele ya macho yetu. Yeye ana kibali cha soko, hupita kizuizi cha mpakani kila baada ya wiki mbili. Mpe chai, lakini usimpe maneno. Maneno anayauza kuliko aprikoti.

Shida yangu ni bwawa la uani. Mwaka huu mti wetu wa mforsadi umemwaga maua yake yote majini, yakashikana na vumbi, yakawa utando mzito kama wa maziwa yaliyopoa. Nautoa asubuhi kwa mwiko wa matundu, adhuhuri umerudi. Dada yako anashinda kwenye kitanda cha uani, pembeni mwa maji. Goti linamsumbua kidogo, baridi ya mwaka huu ilimwingia, kwa hiyo hatembei sana. Kazi yake ni kutazama maji. Yakiwa safi, anakula. Yakichafuka, anageukia ukutani na chakula hakigusi. Utu uzima una mambo yake.

Zamani, enzi za shamba la ushirika, ulitengeneza kidude kwenye bwawa la mgahawa wa chai. Ndoo iliyokaa majini ikawa inakula majani peke yake. Mimi nilikucheka, nikasema fundi kakosa kazi. Sasa nalipia kicheko hicho. Nina pampu niliyoitoa kwenye mashine yetu ya kufulia iliyokufa, na nina mikono ya mwoka mikate, haijui kitu kingine zaidi ya unga. Nieleze polepole, kama unamweleza mtoto.

Wako,
Mirzohid


Konibodom, 23 Aprili 2003

Kwa shemeji Mirzohid,

Nimecheka mpaka Robiya akaja kuchungulia. Haya, mwoka mikate, sikiliza.

Tafuta ndoo kubwa ya plastiki, ile ya rangi. Iweke majini, pembeni, upande ambao upepo unapeleka uchafu. Usibishane na upepo, wacha ukusaidie. Weka jiwe ndani isielee. Ubavuni kata mdomo, upana wa viganja viwili, na ukingo wa chini wa mdomo huo uzame kidogo tu, unene wa mgongo wa kisu. Hapo ndipo siri ilipo. Maji yakiingia mengi, yanaingia matupu na majani yanabaki juu yanakutazama. Yakiingia membamba, yanavuta ngozi yote ya bwawa.

Ndani ya ndoo tundika mfuko wa wavu wa vitunguu, majani yanase humo. Chini kabisa toboa tundu, unganisha mpira. Pampu ya mashine ya kufulia haijui kuogelea: ichimbie kishimo nje ya bwawa, ikae chini kuliko maji. Jaza mpira maji kwanza, uupitishe juu ya ukingo, yatafuatana yenyewe. Mpira wa pili uyarudishe maji upande wa pili wa bwawa, yasukume uchafu uje mdomoni. Na umeme ukiwa umewashwa usitie mkono majini. Nakufahamu.

Sasa jambo la pili. Hii ni barua ya tatu unaandika peke yako. Dada yangu alizoea kuongeza mistari chini, ananitukana kwanza, kisha ananiombea dua. Tangu Februari hakuna hata nukta. Bado ana kinyongo cha maziko ya mama? Mwambie nilisimama kizuizini tangu asubuhi na kibali mkononi, wakaniambia kimeisha jana yake. Mwaka huu nimeomba mara mbili, wamekataa mara mbili, na hawasemi kwa nini. Sikuuchora mimi mpaka huu. Yeye ndiye aliyenilea, kama amenikasirikia aniambie mwenyewe.

Hamro


Besharik, 5 Mei 2003

Kwa shemeji Hamro,

Nilifanya kama ulivyosema. Siku ya kwanza ndoo ilikula vizuri. Utando wote ulitembea kuelekea mdomoni kama kondoo wanaorudi zizini, na mkwe wangu Zulhumor akaacha kufua akaja kutazama. Siku ya pili mfereji unaojaza bwawa ulikuwa haujafunguliwa, maji ya bwawa yakapungua vidole viwili, mdomo ukabaki juu hewani. Pampu ikanyonya upepo, ikaanza kulia kama mbuzi aliyesahaulika kambani. Niliikimbilia nikachomoa waya. Harufu ya kuungua ilikaa uani mpaka jioni. Nashukuru haikufa. Siku ya tatu mfereji ukafunguliwa, maji yakajaa kupita mdomo, na majani yakawa yanazunguka juu ya ndoo kama watu wanaocheza harusini.

Nifanye nini? Siwezi kukaa nikiinua na kushusha ndoo kutwa nzima. Nina tanuri, nina mgonjwa wa goti.

Dada yako anakusalimu sana. Amesema nikuandikie hivi: "Hamrojon, ndugu yangu mpenzi, sina kinyongo nawe hata kidogo, nakuombea afya njema na maisha marefu." Haandiki mwenyewe kwa sababu miwani yake imevunjika.

Wako,
Mirzohid


Konibodom, 19 Mei 2003

Mirzohid,

Bwawa lako linapanda na kushuka, basi mdomo wa ndoo nao upande na kushuka. Hiyo ndiyo dawa. Uwekee ulimi. Kata kipande cha plastiki kiingie sawasawa kwenye ule mdomo, kifungwe chini tu, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kiweze kuinama na kuinuka kama mlango uliolala. Mdomo wenyewe uukate zaidi kwenda chini, kiganja kizima. Juu ya ulimi gundisha kipande cha boya. Maji yakipanda, ulimi unapanda nayo. Yakishuka, unashuka. Daima yatapita juu yake membamba. Nimempa Mutabar tyubu, boya na uzi wa nailoni. Fungia kwa uzi huo, usitumie misumari.

Sasa nisikilize. Dada yangu hajaniita Hamrojon tangu nizaliwe. Ananiita Boga, kwa ajili ya kichwa changu. Aliniita Boga siku ya harusi yangu mbele ya wakwe. Na hajawahi kusema hana kinyongo hata kidogo na mtu yeyote. Angalau kidogo huwa nacho. Maneno yale ni ya kadi ya sikukuu, umeyaoka wewe.

Kama hataki kusema nami, sema hataki. Mimi si mtoto. Usimtie maneno mdomoni mtu aliyeamua kunyamaza, na usinitengenezee miwani iliyovunjika. Ushauri wa ndoo nimekupa, umekamilika. Sitaandika tena mpaka nione mwandiko wake, hata liwe tusi.

Hamro


Besharik, 1 Juni 2003

Kwa shemeji Hamro,

Ulimi unafanya kazi. Nilikata vipande viwili vikaharibika, cha tatu kikakaa. Sasa umeme ukiwepo, bwawa liko kama kioo, na ukikatika tunasubiri. Forsadi zimeiva na zinadondoka majini kutwa, na ndoo inazila zote. Mfuko wa vitunguu naumwagia kuku, nao wamekuwa na midomo ya zambarau.

Wiki iliyopita chura aliingia. Alikaa juu ya ulimi, ulimi ukazama kwa uzito wake, akatumbukia ndani, akapanda tena, akakaa palepale, ukazama tena. Dada yako alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu majira ya baridi. Niliacha mikate tanurini nikaenda kukaa naye, na ikaungua tanuri zima. Majirani wameisema mikate ile wiki nzima, lakini sijali.

Umesema kweli, miwani haijavunjika. Aliungua mkono kwenye tanuri, sikutaka ushtuke. Ukipona ataandika mwenyewe. Hajakukasirikia, Hamro. Hilo niamini hata kama mengine huyaamini.

Mirzohid


Besharik, 2 Juni 2003

Kwa mjomba Hamro,

Shikamoo mjomba. Mimi ni Zulhumor, mke wa Farrux, mtoto wa dada yako. Farrux yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo sina wa kumuuliza kama ninalofanya ni sawa. Baba hajui kama nimeandika. Nimempa Mutabar aifiche hii katikati ya nguo zake.

Mama hana goti bovu wala mkono ulioungua. Alipata kiharusi mwezi wa Februari, asubuhi, akiwa anapepeta mchele. Upande wa kulia umepooza wote. Hasemi. Anatoa sauti, lakini si maneno, na akiona hatumwelewi anafumba macho. Namlisha kwa kijiko. Daktari ametuambia kikirudi cha pili hatapona.

Nilimsikia baba akimwambia jirani: "Hamro nikimweleza atapita vilimani. Atapita tu, hasubiri kibali, namjua tangu akiwa na miaka saba. Na vilimani askari wametega mabomu." Mwaka jana mchungaji wa kijiji cha juu alikanyaga moja, hakikubaki kitu cha kuzika. Ndiyo maana baba anakudanganya. Si kwa ubaya.

Lakini mjomba, barua zako baba huzisoma kwa sauti pale uani, na mama anazisikia. Ile ya mwisho, uliyosema hutaandika tena, baba aliisoma nusu akaikunja. Mama alielewa. Alilia kwa jicho moja mpaka jioni. Hana njia ya kukujibu kwamba hakukasirika.

Nakuomba mambo mawili. Mwandikie yeye, si baba, hata mistari miwili, nitamsomea mimi. Na la pili, tafadhali mjomba, usipite vilimani. Omba tena kibali. Nakuomba kama ninavyomwomba baba yangu mzazi.

Mwanao,
Zulhumor


Besharik, 14 Juni 2003

Kwa shemeji Hamro,

Zulhumor ameniambia alichokiandika. Kwanza nilipandisha sauti, kisha nikaona aibu, nikaenda kukaa kwenye mlango wa tanuri. Yote aliyokuambia ni kweli. Sitajitetea katika barua, nitajitetea tukionana.

Na tutaonana. Nimezungumza na mtu wa kizuizini ambaye amekula mikate yangu miaka mingi. Pale mfereji unapopinda, nyuma ya bustani ya makomamanga, uzio uko upande wetu tu, na maji ni membamba, mtu akizungumza kawaida anasikika ng'ambo. Amesema Ijumaa tarehe 20, baada ya swala, atakuwa zamu na hatatazama upande ule kwa muda. Wewe utasimama ukingo wa kwenu, sisi ukingo wa kwetu. Hakuna anayevuka, kwa hiyo hakuna anayevunja sheria. Jirani atatupa gari lake dogo, kiti cha nyuma nitakitoa, nitamlaza kwenye godoro.

Nimemwambia dada yako Sanobar. Ameshika mkono wangu kwa mkono wake mzima, na akanikamua kama anakamua nguo. Leo amekula bakuli zima la uji.

Njoo, Boga. Sasa naandika neno alilokuita yeye kweli. Usipite popote pengine. Njoo mferejini.

Mirzohid


Besharik, 21 Juni 2003

Hamro,

Barua hii nampa dereva wa lori la vitunguu kwa sababu Mutabar hapiti mpaka mwisho wa mwezi, nami siwezi kulala nayo.

Tulikuja. Zulhumor alimvisha gauni la hariri na kitambaa cheupe, akampaka wanja. Tulimkalisha kwenye ukingo, mimi nimemwegemeza mgongoni kama ukuta. Jua lilikuwa kali, tukamfunika shuka kichwani. Upande wenu alipita mwanamke na ng'ombe, kisha mzee mmoja aliyekuwa anakata nyasi. Kila mtu akitokea, Sanobar ananyanyuka kidogo. Yule mzee alituuliza kwa sauti, "Mnamngoja nani?" Nikamwambia, "Mdogo wake." Akasema, "Basi atakuja," akaendelea kukata nyasi.

Tulikaa mpaka askari wa zamu akaja mwenyewe, akasema, "Mzee, wenzangu wanafika, ondokeni." Njiani kurudi Sanobar alifumba macho. Leo hataki kijiko.

Mutabar alisema barua imefika, kaiacha kwa jirani yenu kwa kuwa nyumba ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo uliipata. Nimedanganya, ndiyo, miezi minne, na hasira yako nimeistahili mimi. Lakini yeye alikukosea nini? Ungekuja usimame tu mbele ya macho yake, usiniangalie hata mimi. Sikudhani kwamba una moyo huu.

Mirzohid


Konibodom, 25 Juni 2003

Kwa shemeji Mirzohid,

Mimi ni Robiya. Naandika vibaya, nisamehe.

Nilikuwa Isfara kwa binti yetu, amejifungua, nilikaa naye zaidi ya wiki tatu. Nimerudi juzi nikakuta mlango umefungwa na kuku wamekufa bandani kwa kiu. Jirani akanipa barua yako ya tarehe 14, imefungwa vilevile, na jana dereva akaleta hii nyingine. Nimezifungua zote mbili. Chini ya godoro nimekuta ya Zulhumor.

Jirani anasema Hamro aliondoka alfajiri ya tarehe 7, kabeba mfuko mdogo, kavaa buti za kazi. Alimuuliza, "Fundi, safari ya wapi?" Akajibu, "Kwa dada." Jirani alidhani ana kibali.

Shemeji, mimi nilikuwa nimetulia Isfara, nikijua mume wangu yuko nyumbani. Wewe unasema hakuja mferejini. Kama hakuja mferejini na hayuko hapa, nataka kuamini yuko kwako, mmemficha, na barua hii ya lawama mmeiandika ili walinzi wakiisoma wasijue. Niambie ni hivyo. Dereva anarudi kwenu leo, nimemwambia asubiri jibu huko kwenu hata akikaa siku mbili.

Robiya


Besharik, 4 Julai 2003

Kwa shemeji Robiya,

Yuko hai. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Baada ya barua yako nilizunguka hospitali zote za upande huu, nikimuulizia mtu mwenye kichwa kikubwa. Nilimkuta kwenye ya tatu. Wachungaji walimwokota chini ya kilima asubuhi ya tarehe 8, wakamfunga kwa mikanda yao wakampakia punda. Alikanyaga bomu, mguu wa kushoto wameukata juu ya goti. Walipomuuliza jina alikataa kulitaja. Aliogopa kwamba akisema anakwenda kwa nani, watakuja kutukamata sisi. Karibu mwezi mzima amelala pale kama mtu asiye na kwao, mlinzi mlangoni, na mimi nilikuwa namwandikia kwamba hana moyo.

Nilisimama kando ya kitanda. Yeye akaniambia, "Mwoka mikate, umekonda." Kisha akauliza, "Dada yu hai?"

Siku ya tatu nilimpeleka Sanobar. Mlinzi ni mtu wa makamo, ana mvi. Alimtazama Sanobar nilivyombeba mikononi, akatazama kitanda, akasema, "Mimi nakwenda kununua sigara. Duka liko mbali kidogo." Akatuachia mlango.

Nilimkalisha ukingoni mwa kitanda. Walitazamana. Hamro akaanza na mimi, kama kawaida yake.

"Ule ulimi uliufungia nini?"

"Misumari."

"Nilikutumia uzi wa nailoni."

"Uzi nilifungia mforsadi, tawi lilikuwa linataka kuanguka."

"Misumari itapata kutu, itakukatikia siku moja, pampu iungue. Nilikwambia. Mtu unamwambia kitu kimoja—"

Sanobar alipiga kitanda kwa mkono wake mzima, pa, pa. Akaanza kupapasa shuka. Alishika mguu mmoja, akapapasa pembeni kutafuta wa pili, akapapasa tena mpaka ukingoni. Shuka ilikuwa tambarare. Akanitazama mimi. Sikumwambia chochote njiani, shemeji, niliogopa.

Nilidhani atalia. Alimpiga Hamro kofi. Ni kofi la mgonjwa, halina nguvu, lakini lilikuwa kofi kweli, shavuni. Halafu akalikamata sikio lake kama mtu anayemshika mtoto aliyekutwa amepanda ukutani, na akaling'ang'ania. Hamro aliinamisha kichwa asimchoshe mkono. Wakakaa hivyo. Yeye akawa anasema, "Ndiyo, dada. Ndiyo. Najua." Sanobar anatoa ile sauti yake, na Hamro anaitikia kama anaelewa kila kitu. Labda alielewa.

Mlinzi aliporudi ilibidi tumfungue vidole kimoja kimoja.

Wamesema watamrudisha kwenu jeraha likikauka, kupitia kizuizini, kwa karatasi. Andaa kitanda cha chini. Nisamehe kama unaweza.

Mirzohid


Besharik, 20 Julai 2003

Kwa mjomba Hamro,

Tumesikia umefika nyumbani tarehe 12. Nilitaka barua yangu ya kwanza baada ya hapo iwe ya pole tu.

Mama ametutoka Alhamisi, tarehe 17, alasiri. Kilikuja kiharusi cha pili kama daktari alivyosema. Alikuwa kitandani pake uani, na mimi nilikuwa naosha mchele bombani, nimempa mgongo. Sikusikia kitu. Nilipogeuka nilidhani amelala. Amezikwa siku ileile kabla ya magharibi, karibu na mama yenu. Baba alikwenda kizuizini kuuliza kama ungeweza kurudishwa kwa saa mbili tu. Walimwambia umeandikwa kwenye orodha, huruhusiwi kukanyaga upande huu tena.

Baba hajawasha tanuri tangu siku hiyo. Anawasha pampu. Asubuhi anaiwasha, anakaa kwenye kitanda cha mama, na umeme ukikatika anabaki amekaa hivyohivyo. Watu wakija kuhani anawaambia, "Mimi ndiye niliyemkata mguu mtu, na dada yake nikamnyima ndugu." Nawaambia wageni ni uchungu unasema, lakini usiku, mjomba, mimi nafikiri tofauti. Aliyeandika ile barua ni mimi. Baba alikuwa amekujua vizuri. Alisema utapita vilimani, na ulipita, kwa maneno yangu.

Kama unataka kunilaani, niandikie. Kimya chako nitashindwa kukibeba.

Zulhumor


Konibodom, 11 Novemba 2003

Kwa shemeji Mirzohid,

Barua zako zote nimezipata. Sikujibu kwa sababu kila nikianza yanatoka matusi, na Robiya anazichana karatasi.

Kwanza mwambie Zulhumor, na umsomee sehemu hii kwa sauti: aliniandikia nisipite vilimani. Nilisoma, macho yangu ni mazima. Nilipita kwa kichwa changu. Kama si yeye, dada yangu angekufa mimi nikiwa nimemnunia, nimekaa hapa nangoja mwandiko wake. Namshukuru. Asiubebe mzigo huu hata kwa ukucha.

Wewe ni habari nyingine. Wewe sijui nikuambie nini. Unaandika kwamba ulinificha ili nisife. Februari nilikuwa na miguu miwili, na ule mfereji ulikuwa unapinda palepale nyuma ya makomamanga. Ungemwendea yule mtu wako wa kizuizini Februari. Ningekuja. Ningesimama ukingoni kila Ijumaa. Robiya anasema hapana, anasema ningepita vilimani Februari hiyohiyo, kwenye theluji, na wasingenikuta wachungaji. Huenda. Nikikaa nikafikiri bila hasira, naona ni kweli. Lakini ukweli huo haunisaidii nikitaka kwenda chooni.

Nimejitengenezea mguu wa mti. Wa kwanza ulikuwa mzito, naupunguza. Fundi mmoja hapa anataka kunifundisha kuketi kazini badala ya kusimama. Pampu zinaletwa nyumbani siku hizi, nazitengeneza sakafuni.

Ndiyo maana nakuandikia. Baridi imeanza, huku usiku maji ya ndoo yanashika barafu. Pampu ukiiacha nje, maji yaliyobaki tumboni mwake yataganda na kuipasua, hutapata nyingine. Chomoa waya. Fungua skrubu nne za mfuniko, imwage, igeuze juu chini, imwage tena, maana huwa inaficha maji kwenye kona. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, uiweke ndani palipo na joto. Karibu na tanuri ni pazuri, kama tanuri linawaka. Mpira uuning'inize. Ndoo yenyewe iache, plastiki haidhuriki, na majani yaliyobaki mwaka huu yaache yazame, hakuna anayeyatazama.

Usiniombe msamaha tena kwenye barua. Sina jibu la hilo bado, na sitaki kukudanganya. Pampu ikishakauka, niandikie imekauka.

Hamro